Unaenda Xi'an na begi mgongoni: msikiti mkubwa, mtaa wa Wahui na adabu za kwenda nazo

Swali la leo limetoka kwa dada mmoja wa Mbeya, yuko mwaka wa pili chuoni Wuhan. Ameandika hivi: "Shikamoo kaka. Likizo hii nataka kuzunguka na begi langu, Xi'an nitakaa siku mbili. Mimi ni Mkristo na sijawahi kuingia msikitini hata huko nyumbani. Nasikia kuna mtaa mzima wa Waislamu na msikiti wa zamani sana. Je naruhusiwa kuingia? Nijifunike nywele? Nikipiga picha ni vibaya? Halafu mimi ni mweusi na niko peke yangu, watanichukuliaje? Na wakiniuliza dini yangu niseme nini?"

Marahaba mdogo wangu. Umeuliza vizuri, na umeuliza kabla hujaenda, maana wengi wananitafuta wakiwa tayari wamefukuzwa mlangoni au wamegombana na mzee wa watu kwa ajili ya picha. Mimi nimeishi Xi'an miaka kadhaa, ni mtu wa Tanga, Muislamu, na nimewatembeza wanafunzi wa kwetu kwenye ule mtaa mara nyingi kiasi kwamba wauza mkate wengine wananijua kwa sura. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, vumilia.

Jibu la haraka ni ndiyo, unaruhusiwa. Msikiti Mkubwa wa Xi'an, ule ulioko uchochoro wa Huajue, unapokea wageni wa dini zote, unalipa kiingilio unatembea ua baada ya ua mpaka mwisho. Sehemu moja tu huingii, nayo ni ukumbi wenyewe wa sala. Pale unasimama nje ya kizingiti, unatazama ndani, basi. Usione kama wamekubagua, hata mwenzio wa kutoka Paris atasimama pale pale ulipo wewe.

Lakini kabla ya msikiti nikwambie kuhusu watu, maana hapa ndo wageni wengi wanakosea, wanadhani ule mtaa ni soko la vyakula lenye msikiti katikati, kumbe ni makazi ya watu, wamezaliwa pale na babu zao wamezaliwa pale.

Hao watu wanaitwa Wahui. Ni Waislamu wanaozungumza Kichina, sura zao za Kichina, majina yao ya Kichina, wengi utasikia wanaitwa Ma, na China nzima wako zaidi ya milioni 11 kwa sensa ya 2020. Usiwachanganye na Wauyghur wa kule Xinjiang ambao lugha yao ni ya jamii ya Kituruki. Wahui wa Xi'an wanaongea lafudhi ya Xi'an kabisa, tofauti yao utaiona kwenye kofia nyeupe, kwenye nyama wanayokula, na kwenye salamu wanayopeana wenyewe kwa wenyewe, ambayo ukiisikiliza vizuri utagundua ni "salaam" imepitia kwenye mdomo wa Kichina. Walitokeaje? Xi'an zamani ikiitwa Chang'an, mji mkuu wa enzi ya Tang, mwisho wa ile njia ya hariri, na wafanyabiashara Waarabu na Waajemi walikuwa wanafika pale, wengine wakaoa wakabaki. Baadaye enzi ya Wamongolia wakaja wengi zaidi. Ndo maana hata leo imamu wanamwita "ahong", neno lililotoka kwa Waajemi, na usishangae kukuta majina ya sala wanayataja kwa Kiajemi.

Sasa kuna jambo moja la historia yao naomba ulijue kabla hujafika, kwa sababu litakusaidia kuelewa kwa nini wale watu wanaishi wamebanana vile na kwa nini wanalinda mtaa wao. Mwaka 1862 vilizuka vita vikubwa kati ya Wahui na jirani zao Wahan, yaani wale Wachina walio wengi nchini, hapo Shaanxi, mkoa wenyewe wa Xi'an, vikasambaa mpaka Gansu, vikaendelea hadi 1873. Mkoa wa Shaanxi kabla ya hapo ulikuwa na Wahui wengi mno vijijini. Baada ya vita vijiji vile vikabaki vitupu, waliouawa waliuawa, waliokimbia walikimbilia magharibi, na kundi moja likavuka milima ya Tian Shan kwenye baridi mwishoni mwa 1877 likaingia himaya ya Urusi. Wajukuu zao wako mpaka leo Kirgizia na Kazakhstan, wanaitwa Wadungan, bado wanaongea Kichina cha huku lakini wanakiandika kwa herufi za Kirusi. Wahui waliosalia mkoani ni hasa wale waliokuwa ndani ya ukuta wa mji wa Xi'an, yaani hawa hawa utakaowakuta. Yaani yule mama anayekuuzia mkate uchochoroni, mababu zake ni katika wachache waliobaki. Mimi siku nilipoambiwa hilo na mzee mmoja nje ya msikiti nilikaa kimya muda mrefu, na tangu siku hiyo sijawahi kupita pale nikiwa na haraka.

Tuje kwenye safari. Toka Wuhan utapanda treni ya mwendo kasi utashukia Xi'an Kaskazini, pale pale unashuka chini unachukua metro laini namba 2 mpaka Zhonglou, yaani mnara wa kengele. Ukitoka juu utaona mnara wa kengele katikati ya keepilefti kubwa, na kidogo magharibi yake mnara wa ngoma, wote wawili ni wa miaka ya 1380 na kitu. Tafuta hosteli maeneo hayo hayo, pasipoti mkononi kwa sababu mgeni lazima aandikishwe polisi na hosteli ndo inafanya hiyo kazi, hakikisha kabla ya kulipa kwamba wanapokea wageni wa nje. Begi kubwa liache hosteli. Nalisema hili kwa mkazo. Vile vichochoro ni vyembamba, pikipiki za umeme zinapita bila sauti, na ukigeuka ghafla na begi la lita sitini mgongoni utaangusha meza ya mtu ya jozi na zabibu kavu. Toka na kibegi kidogo tu, maji, simu, powabenki, na khanga.

Ndiyo, khanga. Kama huna hata moja huko Wuhan azima kwa Mtanzania mwenzio. Khanga moja itakufanyia kazi zote, utajitanda kichwani ukikaribia mlango wa sala, utajifunga kiunoni kama suruali imebana, utaifunika kwenye magoti ukikaa kwenye benchi la uani. Kuhusu nywele, mgeni asiye Muislamu halazimishwi kujifunika kwenye zile nyua za nje, utaona wanawake wengi wa Kichina wanatembea vichwa wazi na hakuna anayewasemesha. Mimi ushauri wangu ujitande ukifika ua wa mwisho mbele ya ukumbi. Ni adabu tu, kama vile mgeni akija kwenu Mbeya kanisani akavua kofia bila kuambiwa. Mabega yafunikwe, magoti yafunikwe, nguo isibane sana, hapo huna tatizo hata kidogo.

Ukipita chini ya mnara wa ngoma utatokea barabara inaitwa Beiyuanmen. Hapo ndo picha zote za mtandaoni zinapigwa, taa, moshi wa mishikaki, vijana wanavuta peremende kama kamba, kelele za spika. Pita usiku wa kwanza ujionee, ni raha, sikatazi. Ila usije ukarudi Wuhan ukasema nimeuona mtaa wa Waislamu kwa kuwa umepita Beiyuanmen, hapo wengi wanaonunua ni watalii na bei ni za watalii. Mtaa wenyewe uko nyuma, upande wa magharibi, Xiyangshi, Dapiyuan, Sajinqiao. Wenyeji wanaiita sehemu yote Huifang, na kuna msemo wao wa zamani wa misikiti saba na vitongoji kumi na tatu, kwa sababu utaratibu wao ulikuwa kila kundi la nyumba linazunguka msikiti wake, msikiti ndo unaosomesha watoto, unazika, unasuluhisha ndoa. Mtu wa pwani akisikia hivyo anaelewa mara moja, ni kama mitaa ya zamani ya Tanga au Bagamoyo ambapo mtu akikuuliza unakaa wapi unamtajia msikiti. Siku hizi misikiti hapo imezidi kumi, mingi ni midogo, mlango tu kwenye ukuta, na hiyo midogo usiingie mpaka ualikwe.

Msikiti Mkubwa nenda asubuhi. Saa mbili kamili ukiwa mlangoni utapata saa nzima ya utulivu kabla ya makundi yenye bendera na vipaza sauti. Kiingilio kwa miaka mingi kimekuwa yuani 25 msimu wa watu wengi na 15 miezi ya baridi, tazama bei iliyobandikwa dirishani, Waislamu wanaingia bure. Uchochoro wa kuelekea umejaa vibanda vya mikufu, mihuri na vikombe, mpaka utahisi umepotea, hujapotea, endelea tu.

Ukishaingia ndani, simama kwanza. Hutaona kuba. Hutaona mnara mrefu. Utaona mapaa ya Kichina yenye ncha zilizopinda juu, miti, mawe, kuta za matofali zilizochongwa maua, ndege wanalia, utadhani umeingia bustani ya mtu mkubwa wa zamani. Mapokeo yanasema msikiti ulianzishwa mwaka 742, lakini majengo unayoyaona msingi wake ni ujenzi wa 1392, mwanzoni mwa enzi ya Ming, na yamekarabatiwa mara nyingi baada ya hapo, mwaka 1988 serikali ikauweka kwenye orodha ya urithi unaolindwa kitaifa.

Sasa tazama jambo ambalo waongozaji wengi wanalipita haraka. China majengo makubwa, mahekalu, majumba ya wafalme, yanatazama kusini, huo ndo utaratibu wao tangu enzi na enzi. Huu msikiti mafundi wametumia miti ile ile, vigae vile vile, nyua kwa kufuatana vile vile, lakini wameugeuza wote ukalala mashariki kwenda magharibi, kama mita 250 kwa urefu na 50 kwa upana. Kwa nini? Kwa sababu ukiwa China, Makka iko magharibi. Sisi kwetu Tanga kibla ni kaskazini, wao ni magharibi. Kwa hiyo ukipanga njia yako toka ua wa kwanza mpaka wa mwisho, kila hatua unayopiga unaelekea kibla bila kujua, hata wewe usiye Muislamu, na ndo maana nakuomba usianzie katikati ukarudi nyuma ukaenda pembeni kama watu wanaotafuta kona ya kupiga selfii. Anza mwanzo kabisa mashariki, kwenye lile lango kubwa la mbao, utembee taratibu.

Katikati utakuta jengo la pembe nane lenye mapaa matatu yaliyopandana, linaitwa Xingxin Lou, maana yake kama mnara wa kuuchunguza moyo. Huo ndo mnara wao wa adhana. Mtu akiutazama haraka anadhani ni kibanda cha kunywea chai. Pembeni kuna mawe makubwa ya maandishi, mengine yana mwandiko wa Mi Fu na Dong Qichang, ambao kwa Wachina ni mabingwa wa kalamu, utaona wazee wasio Waislamu kabisa wamekuja kwa ajili ya hayo mawe tu, wanafuatisha herufi kwa kidole hewani. Na kuna jiwe lingine la Kiarabu linaitwa jiwe la mwezi, linaeleza jinsi ya kuhesabu kalenda ya Kiislamu. Fikiria wewe, watu wako ndani kabisa ya China, maelfu ya kilomita kutoka Makka, wanatakiwa wajue mwezi wa Ramadhani unaingia lini, wakaamua hesabu iandikwe kwenye jiwe ili isipotee. Kisha linafuata banda zuri lenye mabawa kama ndege, Fenghuang, na kibao chake kina maneno mawili, Yi Zhen, yaani Mmoja wa Kweli, tauhidi, imani ya Mungu mmoja, imeandikwa kwa herufi mbili za Kichina.

Mwisho kuna kibaraza kikubwa cha mawe, na nyuma yake ukumbi wa sala wenye vigae vya buluu, unachukua watu kama elfu moja. Hapa ndo mwisho wako. Acha haraka zako. Simama pembeni ya mlango, sio katikati, utaona mazulia, nguzo za mbao, dari imechorwa maua na Kiarabu, na kuta zimepambwa mbao za kuchongwa zenye Qurani nzima, kwa Kiarabu na kwa Kichina. Macho yakishazoea kigiza cha ndani utaanza kuona mistari. Hata kama husomi Kiarabu subiri hapo dakika tano.

Kuhusu saa za sala, usitumie mazoea ya nyumbani. China yote inatumia saa ya Beijing na Xi'an iko mbali magharibi, kwa hiyo jua linafika katikati ya utosi karibu saa saba kasoro robo mchana, ndo adhuhuri inaingia baada ya hapo. Ukiwa kwenye zile nyua muda huo utawaona wazee wanaanza kuingia mmoja mmoja, kofia nyeupe, mikono nyuma, wanaenda kutawadha. Sogea pembeni uwaachie njia. Usiwafuate sehemu ya kutawadhia, hapo wanaume wanavua soksi na kukunja suruali, sio pa kutalii. Kaa kwenye benchi kimya, simu mfukoni, usikilize. Ijumaa adhuhuri mimi sikushauri uende kabisa, watu ni wengi, ni siku yao kubwa, panga msikiti uwe Alhamisi au Jumamosi.

Picha sasa. Majengo piga, mawe piga, miti piga. Mtu anayesali usipige, hata kwa mbali, hata kwa mgongo, hata kama mwanga umekaa vizuri kiasi gani. Mtu anayetawadha usipige. Mzee aliyekaa mlangoni muulize kwanza, "Keyi pai ma?", yaani naweza kupiga picha, akikataa mshukuru uondoke, usimbembeleze. Nilishawahi kuwa na mwanafunzi mmoja nikamwambia haya yote, akaenda akambana bibi kizee mmoja na simu karibu na uso wake, bibi akajifunika kwa mkono, na mimi ndo niliyebaki kuomba radhi pale kwa maneno yote ya Kichina niliyonayo. Yule bibi alisamehe, lakini alichosema nimekikumbuka mpaka leo, alisema yeye pale amekuja kusali sio kuonyeshwa.

Kwenye chakula nitakaa kidogo maana hapa ndo utakapoongea na watu. Tafuta herufi mbili, 清真, zinasomwa "qingzhen", ndo alama ya halali kwa Wahui, na kama lilivyo neno lenyewe zina maana ya usafi na ukweli. Ukiiona hiyo alama usiingie na bia mkononi, usiingie na soseji uliyonunua dukani kwenye treni, hata kama iko ndani ya begi usiitoe. Migahawa mingi imebandika kabisa kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi, na sababu yao ni usafi wa kidini, sio biashara tu.

Kula yangrou paomo. Hii ni supu ya kondoo na mkate, kuna ya ng'ombe pia. Unakaa, unaletewa bakuli tupu na mikate miwili ya duara, migumu kidogo, haijaiva sana kwa makusudi. Kazi yako ni kuinyofoa. Mimi mara ya kwanza nilikata vipande vikubwa kama vya chapati nikidhani inatosha, mzee wa meza ya jirani akanyoosha mkono bila kuniuliza, akachukua kipande kimoja, akakifinya kwa kidole gumba na cha shahada, akakitoa punje, akaniwekea mbele yangu. Ukubwa wa harage la soya. Halafu akaendelea na bakuli lake. Nikaanza upya. Ilinichukua karibu nusu saa, vidole vinauma, unga umejaa kwenye kucha, na katikati ya ile kazi akaanza kuniuliza natoka wapi, baba yangu anafanya kazi gani, nimeoa. Ndo nikaelewa kwa nini hawataki haraka, wakati wa kunyofoa mkate ndo wakati wa maongezi, jikoni bakuli linaingia na kinamba chako baadaye, linapikwa moja moja, linarudi na nyama, tambi laini na vitunguu saumu vya kuloweka kwenye siki na sukari pembeni. Ukinyofoa vipande vikubwa mchuzi hauingii ndani, vidogo vikishikamana vinakuwa na ladha hutaisahau. Mashine za kukata mkate zipo sehemu nyingine. Zikatae, nyofoa mwenyewe.

Asubuhi mapema Sajinqiao kula zenggao, wali unaonata wa kuchemshwa kwa mvuke na kunazi nyekundu na maharage, mtu anaukwangua moto moto kwenye chungu kikubwa, na hulatang, uji mzito wa pilipili manga wenye vidonge vya nyama ya ng'ombe. Juisi ya komamanga ipo, vitumbua vya tunda la shizi, yaani persimoni, vipo. Mishikaki ndo usiseme. Nenda ambapo foleni ni ya wenyeji waliovaa ndala.

Kuhusu rangi yako, nitakwambia ukweli bila kupamba. Watu watakutazama. Wengine watakupiga picha bila kukuuliza, wengi wao sio hata wenyeji wa mtaa, ni watalii Wachina wa kutoka vijijini ambao hawajawahi kukaa karibu na mtu mweusi. Wengine watataka kugusa nywele. Una haki ya kukataa, inua mkono sema "bu yao", yaani sitaki, sogea, usijisikie vibaya. Lakini kwenye vichochoro vya nyuma nimeona jambo lingine, ukisema unatoka Tanzania, mzee wa miaka sabini na kitu atakutajia reli. TAZARA. Wao wanaiita Tan-Zan tielu, kizazi chao walikua wakiisikia redioni na kuisoma magazetini, kilomita 1,860 toka Dar mpaka Kapiri Mposhi, ilijengwa kuanzia 1970 ikamalizika 1975. Na wewe ni mtu wa Mbeya, reli imepita kwenu, una picha ya stesheni? Iweke kwenye simu. Sijui zawadi gani nyingine ungeweza kumpelekea mzee wa pale ikamfurahisha zaidi.

Na kuna kiungo cha zamani zaidi ya reli. Magharibi ya Msikiti Mkubwa kuna msikiti mwingine, uchochoro wa Daxuexi, una jiwe linaloeleza kwamba mwaka 1413 nahodha Zheng He, mwenyewe mtoto wa familia ya Kiislamu ya Yunnan, alifika Xi'an kutafuta mkalimani wa kumsaidia huko baharini, akamchukua imamu mmoja aitwaye Hasan. Ni meli za Zheng He hizo zilizofika Mogadishu na Malindi, na twiga wa Malindi akafikishwa kwa mfalme wa Ming mwaka 1415. Kwa hiyo wakati pwani yetu inapokea Wachina kwa mara ya kwanza kwa wingi, nyuma ya safari zile kulikuwa na watu wa mtaa huu huu. Huo msikiti ni wa jamaa wa kitongoji, bisha hodi kwa adabu, wakikuruhusu uani shukuru, wakikwambia hapana shukuru vile vile.

Mambo mawili ya tahadhari nipite haraka. La kwanza usianzishe mazungumzo ya siasa, ya Xinjiang, ya serikali na dini. Wewe utapanda treni utaondoka, yeye anabaki. La pili, na hili ni kwako kama Mkristo mwenye moyo wa kushuhudia, sheria ya China hairuhusu mgeni kuhubiri wala kugawa vitabu vya dini, kwa hiyo vipeperushi acha Wuhan, utajiingiza kwenye matatizo wewe na kumwingiza aliyepokea.

Na wakikuuliza dini yako, sema ukweli. "Wo shi Jidutu", mimi ni Mkristo. Usijifanye Muislamu ili uingie bure, wala usijifanye ili uingie ukumbini, mzee wa mlangoni atakuomba usome Fatiha na utaumbuka. Nilimpeleka rafiki yangu mmoja Mlutheri wa Moshi, mlinzi wa mlango akamuuliza hilo hilo swali, akajibu wazi, yule mzee akaitikia kwa kichwa akasema basi unamjua Nabii Isa na mama yake, akamsogezea stuli akae kivulini karibu na mlango wa sala, pazuri kuliko pale nilipokuwa nimesimama mimi, na sala ilipoisha akamletea chai.